Marehemu Ameongezeka Kiuno

Gauni lilianguka lote. Halikuteleza bega moja likasimama, wala halikuning'inia kiunoni kwa adabu. Lilishuka moja kwa moja mpaka sakafuni, hariri yote ile ya rangi ya maziwa, na Odile Ferrandier akabaki katikati ya chumba cha kujaribia nguo akiwa na shimizi, soksi ndefu na mkufu wa mama yake, mbele ya vioo vitatu.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Ninyi mlioniandikia barua mkinisihi nimfunike upesi kwa kuwa Novemba ya Paris haina huruma, nimewasikia. Chumba kina moto. Na hata kisingekuwa nao, Odile asingehisi baridi, maana alikuwa anapiga kelele za furaha.

"Nimekonda! Mauricette, nimekonda!"

"Umekwisha, shoga! Umebaki mifupa!" alijibu rafiki yake Mauricette, muuza samaki wa soko la Batignolles, aliyejikalia kwenye kiti cha mahameli na bilauri yake ya pili ya shampeni.

"Wiki tatu sijaonja jibini!"

"Na wewe ndiye muuzaji! Mwenzangu, una moyo wa chuma."

Odile akaruka. Akazunguka. Vioo vitatu vikamwonyesha Odile tisa wanaruka, na kila mmoja alimpendeza.

Kwa msomaji anayeanza na sisi leo, nasema upesi. Odile ana miaka hamsini na tisa, ni mjane, na ana duka la jibini. Leo ni Alhamisi. Jumamosi saa sita mchana, kwenye ukumbi wa meya, anaolewa na Daktari Anselme Corbineau, daktari wa meno mstaafu, mrefu, mwenye masharubu ya kuchanwa, mjane naye kwa miaka minne. Walikutana siku Odile alipovunja jino kwa ganda la mkate. Anselme alimpeleka kwenye kliniki yake ya zamani mtaa wa Legendre, akamketisha kwenye kiti kilichojaa vumbi, akamziba jino kwa mkono wake, akakataa malipo. Alichukua kipande cha jibini tu. Mwanamke gani asingependa?

Ili avae nguo ya nyumba ya Aubremont mara moja katika maisha yake, Odile ameuza shamba la mbuzi aliloachiwa na marehemu mumewe. Anselme hajui. Tena Anselme alimwomba aende kwa mshonaji yeyote mwingine. "Popote, mpenzi wangu, ila si kwa Aubremont. Wale wanashona magunia." Kwa hiyo Odile akaenda kwa Aubremont, ili amfunge mdomo kwa mshangao. Na siku ya kwanza ya kupimwa, alipoulizwa jina, alishindwa kujizuia. Akalijaribu lile jina jipya kama mtu anayejaribu kofia. "Andika Madame Anselme Corbineau," alisema, na masikio yakamwaka kwa raha.

Turudi chumbani. Mlango ulifunguliwa akaingia Madame Thibaude, muuzaji mkuu, mwenye gauni jeusi na sauti isiyopanda hata nyumba ikiungua.

"Madame, tafadhali usiruke. Kuna pini chini."

"Nimekonda, Madame Thibaude!"

"Hongera, Madame." Akalitazama gauni lililolala sakafuni kama mtu anayetazama maiti ya jamaa. Kisha akabonyeza kengele mara tatu.

Kengele tatu ni za kumwita Huguette, mkuu wa chumba cha mafundi. Haitwi kwa mzaha. Alishuka mwanamke mfupi, mkavu, futi ya kupimia shingoni, miaka arobaini kazini bila kumkonyeza mteja hata mmoja. Hakusalimia. Alimzungushia Odile futi.

"Kifua, kilekile."

Futi ikashuka.

"Kiuno, kilekile."

"Pima nyonga," alisema Odile. "Mimi hukondea nyonga."

Huguette alipima nyonga. Akapima tena, safari hii kwa huruma.

"Zimeongezeka nusu sentimita."

Mauricette aliweka bilauri chini. "Odile. Ulikuwa unakula nini hizo wiki tatu?"

"Sijagusa jibini!"

"Sijakuuliza jibini."

"Siagi," alisema Odile kwa sauti ndogo. "Siagi si jibini."

Mauricette alicheka mpaka kiti cha mahameli kikalia. Lakini Huguette hakucheka. Alikuwa ameliokota gauni, analikagua mishono kwa vidole, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

"Gauni hili halina kosa," alisema. "Nililivalisha sanamu yako jana jioni. Limekaa kama ngozi."

Huko juu kwa Aubremont, kila mteja ana sanamu yake ya mbao. Huanza nyembamba kama mti, kisha mafundi huijaza pamba hapa na pale, begani, tumboni, mgongoni, mpaka iwe yule mteja mwenyewe na kila alichojaliwa. Jina lake huandikwa kifuani. Mteja anaweza kudanganya watu wote, mumewe na daktari wake wakiwamo. Sanamu haidanganywi.

"Basi sanamu ndiyo imekosea," alisema Odile.

"Sanamu haikosei."

"Basi nimekosea mimi, kwa kuwa na mwili huu? Nipeleke nikaione."

Madame Thibaude alishika mlango. "Madame, wateja hawapandi juu. Malkia watatu wamepita hapa, hakuna aliyepanda."

"Hao walikuwa hawaolewi Jumamosi," alisema Odile. Kwenye ndoano nyuma ya mlango kulikuwa na koti jeupe la mafundi. Alilivaa juu ya shimizi, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akatoka. Mauricette alibaki kuilinda chupa.

Ngazi zilikuwa za mbao, za nyuma, ghorofa nne. Huguette alipanda kama mbuzi. Odile alipanda kama mtu aliyekula siagi wiki tatu.

Na juu, wasomaji wangu, kulikuwa na vurugu! Mngesahau ninyi, mafundi wa Paris hawasahau: leo ni tarehe ishirini na tano Novemba, siku ya Mtakatifu Katerina, na kila msichana wa chumba kile aliyetimiza miaka ishirini na mitano bila mume amevishwa na wenzake kofia ya kijani na manjano. Mmoja alivaa keki ya ghorofa tatu. Mwingine alivaa mkokoteni wa mboga. Msichana mmoja mwenye nywele nyekundu, Nolwenn kutoka Brittany, alikuwa na mnara wa taa kichwani, na taa yenyewe inawaka.

"Bibi harusi!" alipiga kelele Nolwenn. "Jamani, bibi harusi kapanda!"

Walimzingira. Waligusa mikono yake, koti lake, mabega yake, kila mmoja akitaka bahati imwambukize.

"Mama, usinikasirikie," alisema Nolwenn, mnara ukiyumba. "Nimeshona unywele wangu kwenye pindo la gauni lako. Ukifunga ndoa nalo, mimi napata mume mwaka huu."

"Mmoja tu? Ungeshona kumi," alisema Odile. "Na ungemwekea na rafiki yangu Mauricette, hali yake ni mbaya kuliko yako."

Kicheko kilijaa chumba. Huguette alipiga makofi mara moja, kikakatika.

"Nolwenn. Gauni la harusi ulilishonea kwenye sanamu ipi?"

"Ya Madame Corbineau. Ile pale dirishani."

Huguette aliizungusha. Kifuani, kwa wino mweusi: MADAME ANSELME CORBINEAU.

Odile aliitazama mbele. Akaizunguka akaitazama nyuma, akasimama hapo kwa muda.

"Huyu si mimi," alisema. "Mimi nina langu, silikatai, lakini hili ni la mtu mwingine."

Huguette naye alizunguka nyuma. Kisha alikwenda pembeni, akavuta shuka iliyofunika sanamu nyingine, mpya, pamba yake bado nyeupe. Kifuani: MADAME ANSELME CORBINEAU.

"Mungu wangu," alisema Nolwenn. "Wawili."

Sanamu mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu, moja pana, moja pana kidogo. Mambo yakawa wazi. Odile alitoa jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe humu ndani. Na wasichana, akili zote zikiwa kwenye kofia zao, walishona gauni la Odile kwa mwili wa yule mwingine.

"Na lile la zambarau la huyo mwingine tumelishonea wapi?" aliuliza Huguette polepole.

Nolwenn alinyoosha kidole kwenye sanamu mpya. Taa ya mnara ikazimika yenyewe.

Odile ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakafuata kwa kushukuru. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu, katikati ya kicheko, macho yakamrudia kwenye lile jina, akaelewa, na machozi yakamjaa.

"Ni Bérengère," alisema. "Mke wake wa kwanza. Jamani, alikuwa mteja hapa!" Alimsogelea yule wa mbao akamshika bega. "Ndiyo maana Anselme hakutaka nije. Maskini, aliogopa kumbukumbu, na mimi nikadhani ni ubahili! Bérengère, dada yangu, nisamehe. Unajua kila Jumapili nakuwashia mshumaa?"

Alimpenda Anselme wakati ule kuliko siku zote. Alitaka kushuka ngazi mbio akamkumbatie popote alipo.

"Mshumaa wa nini?" aliuliza Huguette.

"Wa roho yake."

Huguette aliwatazama wasichana. Wasichana walitazama sakafu. Mgongoni mwa kila sanamu hubandikwa karatasi ya vipimo na tarehe, na Huguette aliibandua ile ya Bérengère kwa utaratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda.

"Alifariki lini?"

"Miaka minne sasa. Kwa pafu."

"Hapa kipimo cha mwisho ni tarehe tisa Oktoba."

"Ya mwaka gani?"

"Mwaka huu, Madame. Nimempima mimi. Pamba hii ya tumboni nimeiongeza kwa mkono wangu, kiuno kimezidi sentimita nne."

Odile aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Marehemu ameongezeka kiuno?"

"Labda huko wanakula vizuri," alinong'ona mwenye kofia ya keki. Nolwenn alimkanyaga mguu.

Na hapo hapo simu ya ukutani ikalia. Huguette aliipokea. "Naam... Madame Corbineau? Yuko hapa juu, tunaye... Haiwezekani... Nani?" Akasikiliza. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Madame Anselme Corbineau amefika kujaribu gauni lake la zambarau," alisema. "Chumba cha pili. Yuko na mumewe."

Odile alihisi kama mtu amemvuta zulia chini ya miguu. Mumewe! Anselme jana usiku alimbusu mkono, akamwambia anakwenda Rouen kumwangalia shangazi yake mgonjwa, atarudi kesho. "Shangazi wa Rouen!" alisema kwa sauti. Mbuzi wote wale wameuzwa kwa ajili ya mtu mwenye mke hai! Iliuma, siwezi kuwaficha. Iliuma kuliko lile jino.

Lakini Odile hakuanguka. Amesimama nyuma ya kaunta miaka thelathini, na anajua namna ya kumsubiri mtu anayeficha kipande mfukoni mpaka afike mlangoni. Alinyoosha mkono akachukua kile kifuko cha pini kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono, akajifunga.

"Nani humpigia magoti huyo bibi, kupanga pindo?"

"Mimi," alisema Nolwenn.

"Leo ni mimi."

Wote walimtazama Huguette. Miaka arobaini, bila kumkonyeza mteja. Huguette alivua futi shingoni mwake, akamvisha Odile.

"Pini zishike mdomoni," alisema. "Fundi mwenye pini mdomoni haulizwi kitu. Kichwa chini. Kuhusu la zambarau nitasema mimi." Kisha akaongeza, akitazama dirishani, "Wangu pia alikuwa na shangazi Rouen."

Chumba cha pili kilikuwa na zulia la kijivu na harufu ya manukato mazito. Odile aliingia kichwa chini, akapiga magoti, pini sita mdomoni. Aliona pindo la zambarau. Aliona miguu ya mwanamke, imeshiba, imejaa kwenye viatu vyake. Miguu ya mtu hai kabisa.

"Haifungi!" alilia mwanamke juu yake. "Haifungi, Anselme! Wiki sita tu nimenenepa hivi!"

"Hujanenepa, kipenzi," ilijibu sauti kutoka kwenye kiti cha nyuma.

"Basi nguo imesinyaa?"

"Labda ni ile treni kutoka Biarritz. Safari hujaza mwili."

"Treni ndiyo inajaza nyonga, Anselme?"

Kila aliposikia jina lile Odile alihisi pini zinamchoma ulimi. Kwa pembe ya jicho aliona viatu vya mwanamume vinasogea kwenye zulia. Vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri. Anselme naye ana vya kahawia, Odile mwenyewe ndiye aliyemnunulia! Aliichagua pini ndefu kuliko zote. Alipima umbali kati yake na kifundo cha mguu.

"Mama fundi," ilisema sauti, sasa iko juu yake kabisa, "hebu mtazame umwambie ukweli. Amenenepa huyu?"

Odile aliinua uso, na pini mkononi.

Hakuwa Anselme.

Alikuwa mzee mfupi, mviringo, kipara kinang'aa, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Hana sharubu hata moja. Odile alifurahi! Alifurahi mpaka angeweza kumbusu kile kipara. Si yeye, si yeye, Anselme wake yuko Rouen kweli na shangazi anaumwa kweli!

Furaha hiyo ilidumu kwa pumzi moja.

"Anselme, mwache fundi afanye kazi yake," alisema yule bibi.

Mdomo wa Odile ulifunguka wenyewe, na pini zote zikamwagika kwenye zulia la kijivu.

Madame Thibaude, mlangoni, alifumba macho. Lakini mzee hakutazama pini. Alikuwa ameinama, miwani imesogezwa, na mkono umeshamshika Odile kidevu bila hata kuomba ruhusa.

"Usifunge. Fungua zaidi. Sogea kwenye mwanga." Alichungulia ndani. "Lo! Bérengère, njoo uone balaa. Mama, nani amekuziba hili gego?"

"Anselme, umestaafu!"

"Nimestaafu, sijapofuka. Hii ni saruji! Hii ni kazi ya mtu anayeziba bomba. Nani amekufanyia hivi?"

Odile alijibu kama mtoto anayejibu darasani, kidevu bado kiko mkononi mwa yule mzee.

"Daktari Corbineau."

"Nani?"

"Daktari Anselme Corbineau. Wa mtaa wa Legendre."

Mzee alimwachia kidevu. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena na kumtazama kwa upole wa kuogofya.

"Mama," alisema, "Daktari Anselme Corbineau wa mtaa wa Legendre ni mimi. Kliniki ile niliifunga miaka minne iliyopita, tukahamia Biarritz. Ufunguo nilimwachia fundi bomba aje arekebishe mfereji, na mpaka leo hajaurudisha."

Bérengère alikuwa amejigeuza na gauni lake lililo wazi mgongoni, anamtazama huyu fundi asiyejulikana aliyepiga magoti mbele yake. Huguette alisimama mlangoni na gauni la harusi mikononi, lile lenye unywele mwekundu kwenye pindo.

Odile aliutia ulimi kwenye jino lile, kama alivyozoea kufanya kila alipomfikiria.

"Basi Jumamosi," aliuliza, "naolewa na nani?"